Uso wa Saa Mbili na Dakika Kumi

Jumatatu, 4 Machi

Daktari amenipima presha mara tatu, kana kwamba mashine yake ndiyo yenye wazimu. Mia moja sitini na nane kwa mia moja na nne. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia napokea simu za malalamiko idara ya maji, huu mwaka wa kumi na tisa. Akasema "ahaa", akaandika kitu kirefu ambacho hakunisomea.

Amenipa vidonge na masharti. Mvua zikiisha nirudi; presha isiposhuka ataandika barua niondolewe kwenye simu, nipelekwe stoo ya mita mbovu. Nikamwambia stoo ile haina hata dirisha na haingii mtu. Akasema ndiyo maana anaipenda.

Mimi stoo siendi. Kiti kile ni changu, kimeshachukua umbo langu. Hakuna mtu katika jengo lile anayeujua mji huu kwa masikio kama mimi. Mtu hajataja mtaa, mimi kwa kelele za nyuma yake nimeshajua anapigia wapi. Leo unipeleke nikahesabu mita zilizokufa? Thubutu.

Daktari kasema niandike yanayonipata kila siku, ndiyo haya. Pia nitafute kazi ya mikono ya kutuliza akili. Nikamuuliza kwani kufua si kazi ya mikono? Akasema iwe kitu ambacho hakuna mtu anakisubiri. Nimefikiri njia nzima mpaka nimefika nyumbani, sijakipata.

Jumatano, 6 Machi

Mvua imeanza. Simu mia moja na kumi na mbili. Kila mwaka ni yaleyale: maji yanakokota udongo, mabomba yanabaki wazi, yanapasuka, na watu wananipigia mimi kana kwamba nimeyapasua kwa meno.

Saa mbili na dakika kumi asubuhi amepiga bwana mmoja mwenye sauti ya kutikisa hedifoni. Bomba lilipasuka mbele ya geti lake, mafundi wakaja, wakachimba, wakaziba, wakaondoka na kuacha mtaro wazi. Kaniita mvivu, kaniita mwizi, na neno la tatu siliandiki humu. Damu ikanichemka. Mkononi nilikuwa na kalamu na mbele yangu fomu iliyoharibika. Alipokata simu nikaona nimechora mdomo. Mdomo mtupu, wazi, meno yote nje, na kile kilimi kinachoning'inia kooni.

Nikaucheka. Nilicheka peke yangu mpaka wa kiti cha pili akageuka. Kifua kikalegea, nikapokea simu iliyofuata bila kung'ata meno. Kumbe.

Alhamisi, 7 Machi

Amepiga tena, saa ileile. Ule mdomo nimeuongezea pua. Nimempa jina, Ngurumo.

Jumatatu, 11 Machi

Nimejiwekea sheria. Anayenitukana nachora uso wake kwa sauti yake tu, sina kingine cha kufuata. Akikata simu, kalamu chini, hata kama hana sikio. Nachora nyuma ya fomu zilizoharibika, ambazo kila mtu huzitupa kwenye boksi chini ya meza. Karatasi nzuri, upande mmoja mweupe kabisa, zinakwenda kuchomwa bure.

Leo nina watu watano. Mama mwenye sauti nyembamba nimempa shingo ndefu isiyoisha. Mzee aliyekuwa akimeza maneno nimemchora mashavu yamejaa kama ana viazi mdomoni. Ngurumo nimemchora shingo nene, kifua cha mbeba mizigo, nyusi zimegongana. Huyo namwona kabisa, kama nimewahi kukaa naye meza moja.

Ijumaa, 15 Machi

Baba watoto kaukuta mrundo wa karatasi zangu kwenye mkoba. Nilidhani atanicheka. Akakaa, akazipitia moja moja, kisha akaniuliza kwa upole kama wateja wa idara ya maji wote wana masikio ya popo.

Nilimjia juu. Yeye ni kinyozi, nikamwambia akanyoe. Akasema sawa, kesho njoo saluni uone ninavyonyoa.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekwenda, kwa kununa. Kanikalisha kona karibu na dirisha, mteja wa kwanza akaingia, na baba watoto akiwa na mashine mkononi akawa ananionyesha kwa kidole kidogo bila mteja kujua. Juu ya sikio ni sawa na nyusi. Chini ya sikio ni sawa na mwisho wa pua. Macho hayako juu ya kichwa kama nilivyokuwa nikiyapandisha, yako katikati kabisa, na nusu nzima ya kichwa ni paji na fuvu. Kila kichwa kina upande mmoja mkubwa kuliko mwenzake. Akasema ndiyo maana kinyozi asiyeangalia huharibu mtu.

Nimechora vichwa vinne. Cha kwanza kilikuwa boga. Cha nne, mteja mwenyewe alipoinuka akakitazama, akasema huyu ni mimi siku niliyofiwa na kaka yangu. Nikampa, akaondoka nacho.

Miaka ishirini na mbili naishi na mtu anayejua vichwa vya mji mzima, na sikuwahi kumuuliza hata swali moja kuhusu kazi yake. Nimejionea haya kidogo. Kidogo tu, maana na yeye hajawahi kuniuliza kuhusu mabomba.

Jumanne, 19 Machi

Simu mia na arobaini. Nyuso sita. Sijamfokea mtu.

Jumatano, 20 Machi

Ngurumo kwa mara ya tisa. Leo kulikuwa na sauti nyuma yake, kwi, kwi, kwi, chuma kinacholilia mafuta. Toroli. Anazoa matope, nikajua mara moja, nikamchorea toroli lake. Anapiga kelele "nataka kutoka nyumbani kwangu" kama mtu aliyefungwa jela. Nikampa ushauri wa maana na kumtakia siku njema.

Mafundi wameshaufukia ule mtaro mara mbili na mvua inaufukua. Fundi Spana, anayeongoza kikosi cha upande ule, anasema pale dawa ni zege tu, na zege hutolewa kwa wenye dharura. Ngurumo dharura yake ni mdomo.

Alhamisi, 28 Machi

Nimepima presha duka la dawa. Mia moja hamsini na mbili kwa tisini na sita. Inashuka. Nimemwambia muuzaji aipime tena ili nisikie mara ya pili.

Nimenunua penseli tatu, kifutio, kichongeo na daftari kubwa lisilo na mistari. Sasa naamka nusu saa kabla ya wengine. Naketi meza ya jikoni, mvua inapiga bati, nachora chochote kilicho mbele yangu: birika, kiatu, mkono wangu wa kushoto. Mkono ni mgumu, usiombe. Vidole vinatoka kama karoti. Lakini ile nusu saa hakuna anayenidai chochote, hata birika halinidai. Nikifika kazini mabega yako mahali pake.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Ngurumo. Karoti zimeanza kuwa vidole.

Jumanne, 9 Aprili

Leo ndiyo ilikuwa leo. Bomba kuu limepasuka, simu mia mbili na tatu, laini zote zinaita pamoja. Sikunywa hata maji, na ni idara ya maji. Ngurumo kapiga mara tatu. Mara ya tatu alitukana mpaka sauti ikamkatika, na mimi kalamu ilikuwa inakimbia peke yake. Nikamchora mzima mzima: mdomo umefunguka kama mlango wa gereji, bomba linatokea kooni linamwaga tope, mikono kwenye toroli, masikio mahali pake panapostahili. Chini nikaandika kwa herufi nzuri, "Ngurumo wa Saa Mbili na Kumi". Kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya.

Jioni nimeitafuta ili nimwonyeshe baba watoto. Haimo mkobani, haimo mezani. Nimepekua boksi zima. Labda imeshakwenda kuchomwa. Nimesikitika kama mtu aliyepoteza pete.

Jumatano, 10 Aprili

Haikuchomwa. Afadhali ingechomwa.

Saa nne asubuhi Fundi Spana ameingia ofisini akiwa ameloa mpaka magotini, akasimama mbele ya meza yangu, akawa anaangalia ukuta. Mtu huyu ana maneno kuliko redio. Nikajua pana jambo. Nikamuuliza kuna nini, akasema, dada mkubwa, wewe jana ulichora kitu?

Ndipo nikaelewa. Kwenye zile kelele sikuchukua karatasi kutoka kwenye boksi. Nilijaza fomu ya Ngurumo, fomu hai, yenye namba, nikaigeuza na kumchora mgongoni mwake. Kisha nikaiweka kwenye trei na nyingine, kama kawaida, na Fundi Spana akaichukua kama kawaida. Leo asubuhi wamekwenda, wamefukia mtaro kwa mara ya nne, na fundi akampa mwenyewe fomu asaini. Bwana yule ni mtu makini. Hasaini karatasi kabla hajatazama pande zote mbili.

Fundi Spana anasema hakupiga kelele. Alisimama kwenye mvua akiitazama, akaingia nayo ndani, akakaa. Akatoka akasema fomu hii haisaini, na anaomba namba ya msimamizi wangu. Kwa sauti ya chini. Fundi anasema hiyo sauti ya chini ndiyo iliyomtisha.

Saa nane nimeitwa. Msimamizi wetu ni rika la mwanangu wa kwanza, shati limenyooshwa mpaka unaweza kukatia mkate. Hakunifokea. Alinisomea utaratibu. Lalamiko dhidi ya mfanyakazi hufungwa kwa saini ya mlalamikaji akiridhika. Asiporidhika, linakwenda kwenye kamati, na kamati huwa haina swali jingine zaidi ya kiti apewe nani. Bwana huyo atakuja tarehe kumi na saba. Hadi siku hiyo nipokee simu, lakini nisichore hata nukta.

"Mama," akaniambia, "kwa nini lakini?"

Nikamjibu kwamba inanisaidia. Akasubiri niendelee. Sikuendelea, maana lilikuwa jibu zima.

Ijumaa, 12 Aprili

Sijachora. Nimemfokea mwalimu mstaafu.

Jumatatu, 15 Aprili

Mbavu zinaniuma kwa hasira. Nimejipanga nitakachosema siku hiyo: kwamba nimetukanwa asubuhi baada ya asubuhi, kwamba karatasi zile zilikuwa za kuchomwa, kwamba mtu mzima anayeita mwenzake mwizi asishangae kuchorwa. Nimemsomea baba watoto. Akasema hoja zangu ni nzuri na kwamba nimezisema kwa sauti inayompa hofu. Nikamwambia alale.

Hata asubuhi jikoni sichori. Hakuna aliyenikataza kuchora nyumbani, lakini nikishika penseli namwona anaitazama fomu kwenye mvua. Vidonge nameza. Presha siendi kupima, sitaki kujua.

Jumatano, 17 Aprili

Naandika yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Tulikuwa chumba cha mikutano, mimi na Msimamizi, meza tupu, kompyuta, na karatasi ya kumbukumbu za kikao aliyoniwekea mbele niisaini mwishoni. Nilikuwa nimevaa gauni la kijani, la ushindi. Nikasikia kwenye ukumbi, kwi, kwi, kwi. Nikajiambia huyu mtu kaja na toroli ofisini, kweli ana kisirani.

Mlango ukafunguka. Kikaingia kiti cha magurudumu, na juu yake bibi mwembamba amefunikwa miguu kwa kanga iliyokunjwa vizuri. Nyuma yake, akisukuma, bwana mdogo wa umbo, mabega membamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, na miwani. Ningepishana naye njiani nisimwone. Akatusalimia, akamweka mama yake karibu na dirisha, akaeleza kwamba samahani, hana wa kumwachia. Sauti ikawa ndiyo ile. Ilitoka kwenye kale kamwili.

Msimamizi akasema simu zote hurekodiwa, na kwamba ili kutenda haki kwa pande zote tutasikiliza chache. Nikafurahi. Nikajua matusi yake yatasikika.

Yakasikika. Bwana kaangalia chini. Lakini baada ya matusi ikaja sauti ya mwanamke. Kavu, inatamka kila neno taratibu kama anaongea na mtu asiye na akili. "Bwana, nimekusikia. Wewe siyo peke yako mjini." Simu ya pili: "Fomu imejazwa. Unataka nije kuufukia mimi?" Simu ya tatu, ya tarehe ishirini Machi, ile ya ushauri wangu wa maana: "Mtaro huo mtaa mzima unarukwa, bwana. Na wewe ruka. Siku njema."

Miaka kumi na tisa nimesikiliza sauti za watu wote wa mji huu, yangu sijawahi kuisikia. Nilikuwa nikijiona mimi ndiye ninayetukanwa, mpole wa watu, ninayejikaza kisabuni. Nilitaka kuuliza yule mwanamke ni nani. Masikio yalinichoma moto.

Msimamizi akatoa nakala za fomu zote za bwana huyo, ishirini na sita. Kwenye kila fomu kuna swali ambalo sisi wa simu tunatakiwa kumuuliza mteja: je, nyumbani yupo mgonjwa au mtu asiyeweza kutembea? Akijibu ndiyo, ni dharura, na zege linakwenda siku hiyo hiyo. Kwenye fomu zote ishirini na sita, kwa mkono wangu: hapana, hapana, hapana. Sikumuuliza hata siku moja. Niliona namjua. Nilikuwa nimeshamchora shingo nene na toroli.

"Mara nne nimembeba mgongoni kumpeleka kliniki," bwana akasema. "Mara ya tatu tuliteleza wote wawili. Hukuwahi kuniuliza kwa nini siruki."

Zile hoja nilizojipangia zote ziliyeyuka. Msimamizi akarudia ile simu ya tatu, sijui kwa nini, na mimi nikainamisha kichwa. Aliponiita nikashtuka. Akauliza, kwa uchovu, "Mama, unachora nini tena?"

Nilikuwa nachora. Wallahi sikujua. Nyuma ya ile karatasi ya kumbukumbu alikuwa amekaa mwanamke, mdomo umebanwa, kope zimeshuka nusu, kidevu kimeinuliwa kama mtu anayekutazama kutoka ghorofani. Mkono ulifanya ulivyozoea, umesikia sauti na kumtafutia uso. Ningeweza kuificha. Nikaisukuma mezani mpaka mbele ya bwana.

"Huyu ndiye uliyekuwa unaongea naye," nikamwambia. "Sikujua anafanana hivi. Nisamehe. Na mama yako naomba anisamehe, yeye zaidi."

Akaichukua. Akainuka, akampelekea mama yake pale dirishani. Bibi akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali.

"Ndiye huyu huyu," akasema. "Alikuwa anasikika kwenye spika. Hicho kidevu nilikijua."

Msimamizi akakohoa. Nadhani alikuwa anazuia kicheko, Mungu anajua. Bwana akarudi kukaa. Akatoa mfukoni ile fomu, imekunjwa ndani ya plastiki, akaifungua: Ngurumo mzima na tope lake. Akasema alipouona mchoro huo alitaka nifukuzwe siku hiyo hiyo. Kisha alimwonyesha mama yake akitegemea atamhurumia, na mama akamwambia, "Umbo siyo lako, ila mdomo ni wewe, kila asubuhi." Hilo ndilo lililomkalisha chini.

Nikamwambia kalamu haikufanya kosa kumchora. Kosa ni langu, nilianza kuchora kabla sijamaliza kuuliza. Msimamizi akamuuliza kama ameridhika, asaini.

"Bado," akasema. "Siku mama atakapotoka getini kwa magurudumu yake, nitasaini."

Akainuka, akasukuma kiti. Michoro yote miwili akaondoka nayo.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimejaza fomu ya ishirini na saba mwenyewe. Je, yupo mtu asiyeweza kutembea? Ndiyo. Nimekwenda nayo kwa miguu mpaka karakana, nikamkabidhi Fundi Spana mkononi, nikamwambia kiti changu kimo humo ndani. Akasema zege halijui kiti cha mtu, mvua ikinyesha halishiki. Lakini akaanza kupakia saruji.

Mchana nimeomba ruhusa nikaenda kuuona huo mtaro. Upana wake hatua moja na nusu yangu. Mimi mwenyewe sikuweza kuuruka.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua siku tatu. Zege halijamwagwa. Msimamizi anauliza kila asubuhi, mimi naangalia mawingu. Leo nimeshika penseli jikoni, nimechora dirisha na mvua yake.

Alhamisi, 25 Aprili

Jumanne jua lilitoka, wakamwaga. Leo asubuhi Fundi Spana amerudi anapiga mluzi tangu getini. Fomu ya ishirini na saba, na pamoja nayo ile ya lalamiko dhidi yangu, zote mbili zimesainiwa, saini ndogo, nadhifu. Anasema bibi alivuka mara tatu kwenda na kurudi bila sababu yoyote, na mara ya tatu alikataa kusukumwa.

Nimelia chooni. Nikanawa, nikarudi kukaa kwenye kiti changu.

Msimamizi kaniita kwa mara ya mwisho, anasema, kwa jambo hili. Nichore, lakini kwenye daftari langu, na kila swali la fomu likiwa limejibiwa na mteja mwenyewe. Nikamwambia masharti hayo nimejiwekea tangu juzi. Akasema basi ayaandike yaonekane ni yake.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua zimebaki manyunyu. Daktari kapima mara moja tu, mia moja thelathini na sita kwa themanini na sita. Akauliza nimefanya nini, nikamfungulia daftari. Akalitazama ukurasa kwa ukurasa, wagonjwa wake wakisubiri nje. Barua haiandiki. Vidonge naendelea.

Zile nyuso zimebadilika, mwenyewe naziona. Zamani zilikuwa midomo mitupu. Sasa nikimuuliza mtu swali moja zaidi anapunguza pumzi, na nachora mpaka macho. Baba watoto kachukua tatu, kazibandika saluni. Anasema masikio hayana kasoro.

Jumatatu, 6 Mei

Saa mbili na dakika kumi, simu ikaita. Ile sauti. Nikakaa wima, nikavuta fomu, nikaanza na maswali: nyumbani wote wazima? Zege limeshika? Maji yanatoka? Akajibu yote, ndiyo, ndiyo, yanatoka. Nikamuuliza sasa shida ni nini.

Akasema, kwa sauti ambayo kwake ni ya kunong'ona, kwamba umeme umewakatika tangu juzi na jana alikuwa ameshashika simu awapigie watu wa umeme. Mama akamtazama. Akaweka simu, akachukua kalamu, akaanza kumchora mama pale alipokaa. Kapata macho. Kapata kanga. Hasira imepungua, hajui imeenda wapi. Lakini kuna kitu kinamshinda tangu jana, na mama ameanza kucheka.

"Pua," akasema. "Dada, pua inachorwaje?"

Laini tatu zilikuwa zinaita. Nikamwambia asichore mistari ya pembeni, achore kivuli cha chini tu, pua itakuja yenyewe. Nikamsikia anakwaruza karatasi. Kwenye fomu, mahali pa aina ya lalamiko, nikaandika: pua. Nikamsubiri amalize.